Si Uzembe wa Muuguzi

Kuna kauli iliyozoeleka hapa Nakuru kiasi kwamba haimshtui mtu tena. Muuguzi akipatikana na homa ya ini aina ya B, watu husema alikosa uangalifu. Wakubwa wa hospitali hulisema hilo kwa lugha ya ofisi, kwamba mhusika hakuzingatia taratibu. Wenzake hulisema kwa kunong'ona wakati wa kubadilishana zamu. Majirani wa Section 58, Free Area au Kiamunyi huongeza lao: lazima alikuwa mnywaji, maana ini haliharibiki bure. Kisha dawa inayoandikwa ni ile ile kila mara: semina nyingine, bango lingine ukutani, barua nyingine ya kuwakumbusha watu wavae glavu.

Nasema kauli hiyo si kweli, na inaua. Homa ya ini ya B ina chanjo tangu mwaka 1981. Mtu anayeshinda na kukesha ndani ya damu ya watu wengine, akaambukizwa ugonjwa ambao chanjo yake ina zaidi ya miaka 40, hakuponzwa na mkono wake. Aliponzwa na mwajiri aliyemkabidhi sindano na wembe kabla ya kumkinga.

Tuanze na kirusi chenyewe, kwa sababu wengi wanaolaumu mikono ya wauguzi hawajui mikono hiyo inapambana na nini. Kirusi hiki hudumu nje ya mwili kwa siku zisizopungua 7, kwenye tone la damu lililokauka juu ya meza au kwenye chuma cha kitanda, na muda huo wote kinaweza kuambukiza. Tone lenyewe huenda lisionekane kwa macho. Mtu asiye na kinga akichomwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye kirusi hiki, uwezekano wa kuambukizwa ni kati ya asilimia 6 na 30, kutegemea wingi wa virusi katika damu ya mgonjwa. Kwa homa ya ini ya C uwezekano ni karibu asilimia 2. Kwa virusi vya Ukimwi ni asilimia 0.3, yaani watu 3 kwa kila 1,000 waliochomwa. Kidole ni kile kile na sindano ni ile ile, lakini hatari ya homa ya ini ya B inaizidi ya Ukimwi mara 20 hadi mara 100. Na kati ya magonjwa hayo matatu, huo wa hatari kubwa kuliko yote ndio pekee wenye chanjo.

Sasa hoja ya uzembe. Mwaka 2010 watafiti waliwahoji wafanyakazi 305 wa hospitali ya mkoa wa Rift Valley, hii ambayo sisi wenyeji tungali tunaiita PGH ingawa mikoa ilishavunjwa na jina la hospitali likabadilika. Robo ya waliohojiwa walikuwa wameguswa na damu au majimaji ya wagonjwa kwa njia ya hatari katika miezi 12 iliyotangulia. Asilimia 19 walikuwa wamechomwa au kukatwa na kitu chenye ncha. Wauguzi ndio walioumia zaidi. Kazi iliyoongoza kwa kuwachoma watu ilikuwa kushona vidonda, na idara iliyoongoza ilikuwa ya uzazi na magonjwa ya wanawake.

Mpangilio huo wenyewe unajibu hoja. Uzembe ungekuwa ndio chanzo, majeraha yangetawanyika hospitali nzima, kwa kuwa wazembe hawakusanywi idara moja. Badala yake yanajikusanya pale kazi inapokuwa ngumu zaidi, damu nyingi zaidi, na muda mfupi zaidi. Ni kweli utafiti huohuo ulionyesha kwamba waliopata mafunzo ya kuzuia maambukizi waliumia mara chache kuliko wenzao. Sipingi mafunzo. Napinga mafunzo yanapotolewa mahali pa chanjo, kisha yakageuzwa kuwa shahidi wa mashtaka: tulikufundisha, mbona umeumia?

Ingia leba saa tisa za usiku. Mama ameshajifungua, amechanika, na damu inamtoka bila kusubiri. Muuguzi ameinama na sindano ya kushonea iliyopinda. Anaishika kwa koleo, ndivyo alivyofundishwa, lakini ncha inapotokea upande wa pili wa nyama anaitafuta kwa kidole kwa sababu damu imefunika kila kitu na mwanga hautoshi. Mwenzake amemshikia tochi ya simu. Dawa ya ganzi haijamkolea mama, na anaposikia maumivu anaruka. Ncha inapenya glavu. Kitanda cha pili kuna mwanamke mwingine anasukuma, na yule mwenye tochi ameshakimbilia huko. Muuguzi anavua glavu, anaosha kidole kwa maji na sabuni, anavaa glavu nyingine na kurudi kumalizia mshono, kwa sababu akimwacha mama atapoteza damu. Nionyeshwe mahali alipozembea. Glavu alivaa. Koleo alitumia. Alichokosa ni kinga ndani ya damu yake, na hiyo haivaliwi saa tisa za usiku.

Hiyo ni zamu ya kawaida. Tuna zamu nyingine ambazo wakazi wa hapa wanazikumbuka kwa tarehe. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, karibu na Salgaa, wakafa watu 36. Miaka tisa kabla ya hapo kasoro kidogo, Januari 2009, lori la mafuta lililipuka Sachang'wan na kuua zaidi ya watu 100. Mei 2018 bwawa la Solai lilipasuka usiku na kusomba nyumba na waliolala ndani. Kila mara majeruhi wanafikishwa kwa magari ya polisi, kwa pikapu, kwa matatu, wamelowa damu yao na ya wenzao, na kila mhudumu aliyepo anaitwa. Usiku kama huo hakuna anayengoja kujua mgonjwa gani ana kirusi gani. Tunawasifu kwa hilo. Magavana na mawaziri huja asubuhi na kuwashukuru mbele ya kamera. Kisha mmoja wao akiugua ini miaka kadhaa baadaye, tunamuuliza kwa nini hakuwa mwangalifu.

PGH hupokea wagonjwa kutoka Baringo, Nyandarua, Kericho, Bomet, Samburu, Narok na Laikipia. Mtu anapofika kwa rufaa kutoka mbali hivyo, mara nyingi amezidiwa, na hali yake ya homa ya ini haijulikani hata kwake mwenyewe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na kirusi hiki, na kwamba karibu theluthi mbili ya maambukizi mapya yanatokea Afrika. Wengi wao hawajawahi kupimwa. Kwa hiyo ushauri wa kuwa mwangalifu na mgonjwa mwenye homa ya ini hauna maana. Hajaandikwa usoni.

Sababu moja kubwa inayofanya kauli ya uzembe iendelee ni kwamba tumejifunza kuiona sindano kwa jicho la Ukimwi peke yake. Sikiliza mazungumzo ya asubuhi, muuguzi aliyechomwa anapokwenda kuripoti kwa msimamizi wa wodi.

"Sista, usiku nimechomwa nikishona."

"Pole. Mgonjwa alipimwa?"

"Alipimwa kliniki. Yuko negativu."

"Basi uko salama. Andika kwenye kitabu."

Kilichopimwa ni Ukimwi. Neno "salama" hapo limetolewa kwa ugonjwa mmoja, na likapokelewa kana kwamba limetolewa kwa yote. Hata mgonjwa akiwa na virusi vya Ukimwi, njia inajulikana: muuguzi aanze dawa za kinga kabla ya saa 72 kupita, azimeze siku 28, arudi kupimwa. Ukipita muda na vipimo vikatoka safi, faili linafungwa na watu wanamshukuru Mungu. Hakuna aliyetazama homa ya ini ya B, ambayo inaweza kukaa kimya miaka 20 au 30 huku ini likijaa makovu, mpaka siku tumbo linapoanza kuvimba. Hapo ndipo majirani wanapotaja pombe.

Silaumu vita dhidi ya Ukimwi. Vilijengwa kwa fedha za Mfuko wa Dunia na za mpango wa Marekani wa PEPFAR, na viliwaokoa watu wetu. Nasema tu kwamba homa ya ini haikupata mfadhili wa namna hiyo, na kwa kuwa haikuwa na mfadhili, haikuwa na rejista, haikuwa na afisa wake, wala mtu wa kuuliza maswali kila mwisho wa mwezi. Ugonjwa usioulizwa hauonekani, na usioonekana hauna bajeti. Muuguzi hakuchagua hilo.

Na hata njia ya kumwokoa aliyechomwa bila kinga ipo. Anatakiwa apewe chanjo mara moja pamoja na sindano ya kingamwili za homa ya ini ya B, ikiwezekana ndani ya saa 24. Lakini kingamwili hizo ni ghali, na hospitali nyingi za kaunti haziwezi kuzitoa kwenye friji usiku huo. Linganisha na yule aliyechanjwa dozi zote na kupimwa ikaonekana kinga imeshika: akichomwa, kwa upande wa homa ya ini ya B hahitaji chochote. Anaosha kidole, anaripoti kwa ajili ya magonjwa mengine, anarudi kazini. Tofauti yote ya watu hawa wawili ilipangwa miezi kabla ya usiku ule, na mtu mwingine kabisa.

Hapo ndipo watetezi wa kauli ya uzembe hubadilisha shtaka. Wanasema: chanjo ipo, wafanyakazi wenyewe hawaitaki, au wanachomwa dozi moja kisha wanapotea. Hili nimelisikia mara nyingi kutoka kwa watu ninaowaheshimu, kwa hiyo nalijibu kwa uzito unaostahili.

Katika hospitali ya Mulago, Kampala, watafiti waliwapima wafanyakazi 370 na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Asilimia 8.1 walikuwa na kirusi wakati huohuo. Waliokuwa wamechanjwa hawakufika 7 kwa kila 100. Wale ambao hawakuchanjwa walipoulizwa kama wangekubali chanjo, idadi kubwa mno walisema ndiyo. Hapa kwetu, utafiti wa wilaya ya Thika uliotolewa mwaka 2006 ulikuta waliochanjwa ni asilimia 12.8, huku kila mfanyakazi akichomwa sindano karibu mara moja kwa mwaka kwa wastani. Wilaya hiyo ilipoweka hatua za usalama, majeraha yalipungua. Watu walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni mazingira yao.

Kuhusu kupotea baada ya dozi ya kwanza, tazama jinsi chanjo inavyotolewa. Dozi ya pili ni baada ya mwezi 1 na ya tatu ni mwezi wa 6. Katika miezi 6 muuguzi wa kaunti anaweza kuhamishwa kutoka Nakuru mjini hadi Olenguruone, mkataba wake ukaisha, au mgomo ukaanza na kumalizika. Mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017 pekee ulichukua miezi mitano. Chanjo yenyewe huletwa mara nyingi kama kampeni: siku moja kuna hema na picha, miezi 6 baadaye hakuna hema wala dozi, na anayeulizia anaambiwa akajinunulie mjini. Sisi hatumwachi mtoto mchanga akumbuke mwenyewe chanjo zake za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Tumempa kadi, kliniki, na mhudumu wa jamii anayebisha hodi mama asipokuja. Kwa mtu mzima anayetuzalisha na kutushona tumeacha kila kitu kwenye kumbukumbu yake, kisha tunaiita kutojali.

Sera si kwamba hatuna. Kenya ina sera ya usalama wa sindano na taka za hospitali ya mwaka 2007. Ina mwongozo wa kuzuia maambukizi wa mwaka 2010, na mwongozo wa usalama na afya kazini kwa sekta ya afya wa mwaka 2014. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inamwekea mwajiri wajibu wa kulinda afya ya anayemfanyia kazi, na kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa. Tangu ugatuzi wa mwaka 2013, mwajiri huyo kwa sehemu kubwa ni kaunti. Kinachokosekana ni mtu mmoja mwenye jina na cheo ambaye kazi yake ni kuhakikisha dozi ya tatu imeingia mkononi mwa kila aliyeajiriwa, na ambaye ataulizwa ikiwa haikuingia.

Sasa nifike kwenye hoja ambayo ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Wapo madaktari wanaosema: kirusi hiki huku kwetu huambukizwa utotoni. Mtoto mchanga akiambukizwa, uwezekano wa kubaki nacho maisha yake yote ni kama asilimia 90. Mtu mzima akiambukizwa, walio wengi sana hukishinda wenyewe, na wanaobaki nacho hawazidi 5 kwa 100. Kwa hiyo, wanasema, muuguzi mwenye homa ya ini sugu pengine alikuja nayo kazini kutoka nyumbani kwao. Hospitali inahusikaje?

Takwimu hizo ni sahihi, na ndiyo maana sitasema kila aliyepatikana na kirusi wodini alikipata wodini. Lakini angalia hoja hiyo inatumiwaje. Muuguzi aliyeugua akidai fidia chini ya sheria ya fidia ya majeraha ya kazini ya mwaka 2007, anaulizwa athibitishe kwamba alipata ugonjwa kazini. Atathibitishaje? Siku alipoajiriwa hakuna aliyempima. Laiti angepimwa siku hiyo na kuonekana hana kirusi, leo karatasi hiyo ingesema kwa niaba yake. Na kama angekuwa nacho tayari, angejulikana mapema, ini lake lingefuatiliwa, na pale inapohitajika angeanza tenofovir, dawa ile ile iliyomo ndani ya vidonge vya Ukimwi, kabla makovu hayajaota. Vyovyote ambavyo majibu yangetoka, angefaidika. Kutompima kunamnufaisha mtu mmoja tu, yule anayetakiwa kulipa fidia. Tumezoea kuwaambia wagonjwa kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa aliyeficha si mgonjwa. Aliyeficha ni ofisi iliyokataa kutazama, na kifo kinamuumbua mwingine.

Tena hoja ya utotoni inasahau mambo mawili. La kwanza, wale wafanyakazi ambao hawakuambukizwa utotoni wapo, ni wengi, na ndio wasio na kinga yoyote leo. La pili, kuambukizwa ukubwani si jambo dogo hata kama mwili utashinda mwishowe. Mtu anaweza kulala kitandani wiki nyingi, macho ya manjano, hawezi kula wala kusimama zamu. Wachache ini lao hushindwa ghafla na hufa. Na katika wiki zinazotangulia, kabla dalili hazijatokea, anarudi nyumbani kwa mume au mke ambaye naye hakuchanjwa.

Kuna wanaosubiri tatizo lijiishie lenyewe, kwa sababu Kenya iliingiza chanjo hii katika ratiba ya watoto mwishoni mwa mwaka 2001. Ni kweli, na ni jambo la kujivunia. Baadhi ya wanafunzi wanaoingia sasa vyuo vya KMTC na Egerton walichanjwa wakiwa mikononi mwa mama zao. Lakini hesabu tu miaka. Mtumishi wa umma hustaafu akiwa na umri wa miaka 60. Muuguzi aliyezaliwa mwaka 2000, mwaka mmoja kabla ya mpango huo, atakuwa wodini hadi mwaka 2060. Waliozaliwa kabla yake ndio wanaosimamia wodi zetu leo, ndio wapasuaji, ndio wakunga wenye uzoefu. Kuwaambia wasubiri ni kuwaambia wastaafu kwanza.

Suala la gharama nitalipitia upesi, kwa sababu halina nguvu linazodaiwa kuwa nazo. Dozi tatu za mtu mzima hununuliwa mara moja maishani. Ini lililosinyaa, saratani ya ini, na muuguzi mwenye uzoefu wa miaka 15 aliyetoka kazini huigharimu kaunti mwaka baada ya mwaka. Friji zipo tayari, kwa kuwa chanjo za watoto zinakaa humo katika nyuzi 2 hadi 8. Wa kuchoma sindano wapo, kwa kuwa ndio hao hao. Marekani mwaka 1983 ilikuwa na wafanyakazi wa afya zaidi ya 10,000 walioambukizwa homa ya ini ya B katika mwaka mmoja. Mwaka 1991 serikali yake iliwalazimisha waajiri kutoa chanjo bure kwa kila anayekutana na damu kazini, na kuweka kanuni za kushughulikia sindano. Kufikia katikati ya muongo huo maambukizi yalishuka hadi mamia. Wauguzi wa Marekani hawakuzaliwa waangalifu kuliko wa Nakuru. Waajiri wao walibanwa na sheria yenye meno.

Sijawataja bado watu ambao hawaingii hata katika takwimu hizi. Mhudumu wa usafi huingia wodini baada ya kila mtu, na huchukua alichoacha kila mtu. Mfuko wa taka anaubeba kando ya paja. Sindano iliyotupwa humo badala ya kisanduku chake inatoboa plastiki, inatoboa suruali, inamchoma, na yeye hajui imetoka kwa mgonjwa gani wala siku gani. Mara nyingi hakuajiriwa na hospitali. Ameletwa na kampuni yenye kandarasi, analipwa kwa siku, na akiripoti jeraha anaogopa kwamba kesho nafasi yake atapewa mwingine. Kwake hakuna hata hiyo semina. Ukimwambia msimamizi wake habari ya chanjo, atakuelekeza hospitalini. Hospitali itakuelekeza kwa kampuni. Yuleyule anayeshika mfuko huo pia anafua mashuka, anasukuma maiti, anaosha vyombo vya chumba cha upasuaji. Wanafunzi wa mafunzo ya vitendo wako karibu naye kwa unyonge: ndio wanaotumwa kuchukua damu ili wajifunze, mkono bado unatetemeka, na chuo kinasema wako chini ya hospitali huku hospitali ikisema wako chini ya chuo. Kauli ya uzembe ikitumiwa kwa watu hawa inazidi kuwa ukatili.

Mwisho, wapo wanaonisikia nikidai vipimo na wakafurahi kwa sababu nisiyoitaka. Wanasema: vizuri, wapimeni wote, na wenye kirusi waondolewe wodini wasiwaambukize wagonjwa. Hapana. Muuguzi mwenye homa ya ini ya B haambukizi kwa kumshika mgonjwa mkono, kumpima presha, kumlisha wala kumpa dawa. Hatari kidogo iliyopo ni katika upasuaji wa ndani, pale mkono wa mpasuaji unapofanya kazi na ncha kali mahali asipopaona, na hata hapo utaratibu unajulikana: wingi wa virusi unapimwa, dawa inavishusha, na daktari anaendelea na kazi yake akifuatiliwa. Kupima kwa ajili ya kufukuza kutawafanya watu wakimbie vipimo, na wataendelea kuchomwa bila mtu kujua. Majibu yawe siri ya mfanyakazi na daktari wake, na mkataba utamke wazi kwamba hakuna atakayepoteza kazi, cheo wala marupurupu kwa sababu ya majibu hayo.

Kwa hiyo nadai haya kwa Kaunti ya Nakuru na kwa hospitali za binafsi na za misheni kuanzia Naivasha na Gilgil hadi Molo. Asiingie mtu wodini, maabara, chumba cha maiti wala mahali pa taka kabla ya kupimwa na kupewa dozi ya kwanza kwa gharama ya mwajiri. Dozi ya pili na ya tatu ziandikwe kwenye faili lake la ajira na zimfuate akihamishwa. Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya tatu apimwe kingamwili, kwa kuwa katika kila watu wazima 100 wenye afya wapo wachache ambao chanjo haikushika, na hao warudiwe. Kandarasi ya usafi isitiwe saini ikiwa haina kipengele hicho hicho kwa kila kibarua. Na bunge la kaunti linapopitisha bajeti ya afya, fedha za chanjo ya wafanyakazi ziwe na mstari wake peke yake, ili mwaka ukiisha tuweze kumuuliza waziri wa afya wa kaunti, kwa tarakimu: wangapi waliajiriwa, na wangapi kati yao wamefika dozi ya tatu?